Blanketi la Nusu Bei

Nkuba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale Mbalizi, na kazi yake ilikuwa nzuri tu, lakini kipaji alichojivunia hakikuwa kuchomelea. Alijivunia kununua. Akiwa amesimama nje ya karakana, miwani ya moto ameipandisha kwenye paji la uso, angekueleza kwa kirefu kwamba watu wengi huingia dukani wamelala, hulipa wanachoambiwa, halafu hutoka wamelala vilevile. Yeye alilala kitandani kwake tu. Dukani aliingia macho makavu.

Ugonjwa huo, kama mwenyewe alivyokuja kuuita baadaye, ulimpata siku supamaketi moja mpya ilipofunguliwa mjini Mbeya na vijana wenye fulana za njano wakagawa kuponi barabarani. Nkuba alipewa ya dawa ya meno. Akaingia ndani kwa mashaka, akaitoa, dada wa kaunta akaipitisha kwenye mashine, na bei ikashuka palepale mbele ya macho yake, bila yeye kubembeleza wala kujifanya anaondoka. Mtu aliyezoea kubishana hadi koo limkauke kwa ajili ya fungu la nyanya, akikuta mashine inampunguzia bei yenyewe, anaweza kupata kichaa. Nkuba alikipata. Siku ile alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Soweto mjini humo, na dawa ya meno ya kutosha ukoo mzima, pamoja na wale waliokwisha kung'oka meno.

Toka hapo hakununua kitu kwa sababu kinahitajika. Alinunua kwa sababu kina kuponi. Alileta sabuni ya kuogea watoto wachanga, na mtoto wake wa mwisho yuko darasa la tatu. Alileta mfuko wa chakula cha paka, nyumba haina paka, wakalazimika kuazima paka kwa jirani ili chakula kisiharibike. Siku moja alileta dawa ya kuogeshea ng'ombe, lita tano. Mkewe, Apolonia, aliizunguka ile galoni kama mtu anayezunguka mzigo ulioachwa na mgeni asiyejulikana.

"Baba Nyamizi," akasema, "hii nimwogeshe nani?"

Swali lile lilimchoma kuliko alivyoonyesha. Baba yake Nkuba aliteremka kutoka kaskazini akiswaga kundi la ng'ombe hadi mbuga za Usangu, na jina lake bado linatajwa huko. Nkuba, mtoto wa mfugaji yule, alikuwa sasa na dawa ya kupe na hakuwa na kupe.

"Asilimia arobaini, Mama Nyamizi," alijitetea. "Arobaini!"

Apolonia alikuwa akiuza maandazi barazani kwake, na alijua hesabu vizuri kuliko alivyopenda kuonyesha mbele ya mumewe. Aliguna tu, akaigeuza galoni ile kuwa kizuizi cha mlango.

Basi mwaka huo, baridi ya mwezi wa tano ilipoanza kubana, kampuni moja ya chai ikaja na jambo lake. Ndani ya kila pakiti ya Chai Umande kulikuwa na kuponi ndogo ya kijani. Kusanya ishirini, upate blanketi kwa nusu bei. Picha ya blanketi lenyewe ilikuwa imechapwa palepale, nene, jekundu, limekunjwa kama mkate. Nkuba aliitazama picha ile hadi chai yake ikapoa. Nyumbani kwao mablanketi yalikuwa yamechakaa, hilo halikuwa na ubishi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kuponi na mahitaji vilikutana, naye akaichukua kama ishara kutoka juu.

Chai ikanywewa. Ilinywewa asubuhi, mchana, na badala ya maji. Watoto walirudi shule wakakuta chai. Mgeni aliyeingia kuuliza njia alipewa chai. Karakanani, mwenzake Gideoni, Mnyakyusa mpole mwenye tumbo lake, alifika mahali akaanza kuweka kiganja juu ya kikombe kabla hajakaribishwa. "Ndaga fijo, asante sana, ndugu yangu, mimi leo imetosha," angesema, na Nkuba angemwambia hapana, maliza, pakiti inakaribia kwisha. Wateja wa maandazi waliombwa kuponi zao. Jirani mmoja alitengenezewa bawaba ya mlango, bawaba mpya kabisa na rangi juu yake, kwa malipo ya kuponi saba. Gideoni alimuuliza bawaba ile kwa mteja wa kawaida ingekuwa kiasi gani. Nkuba akajibu kwamba hilo ni swali la mtu asiyeelewa kuponi.

Kufikia katikati ya mwezi wa sita alikuwa na kuponi za mablanketi matatu. Akazifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, akazipeleka dukani pale Soweto alikonunua chai, akaziweka mezani kwa fahari.

Mwenye duka akaitoa moja, akaigeuza nyuma, akavaa miwani. "Umesoma huku?"

Nkuba hakuwa amesoma huku. Huku kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, nayo yalisema kwamba mablanketi yatatolewa katika duka la kampuni, Igowole, wilaya ya Mufindi, kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

Jioni ile alimweleza Apolonia kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Itabidi nifike Igowole mara moja."

Apolonia aliweka mwiko chini. "Igowole?"

"Igowole."

"Igowole kwetu?"

"Kwani kuna nyingine?"

Mkewe alimtazama kwa muda, na pembe za mdomo wake zilikuwa zikizuia kitu. "Baba Nyamizi, tangu Nyamizi apate kipaimara nakuambia twende tukamwamkie mama. Ukasema nauli imepanda. Mwaka uliofuata ukasema petroli imepanda, kwa hiyo nauli nayo itapanda, tusubiri. Mwaka jana ukasema tusubiri ishuke. Sasa imeshuka?"

"Hii ni safari ya kibiashara," alisema Nkuba. "Nimepiga hesabu. Mablanketi matatu kwa nusu bei yanalipa nauli ya kwenda na kurudi, na chenji inabaki."

"Haya."

"Unaonaje nipite na kwa mama, muda ukiruhusu?"

"Mimi sisemi kitu," Apolonia alijibu. "Wala sitampigia simu. Wewe mtu mzima, una kuponi zako." Akarudia mwiko wake, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa kicheko alichokibana. Nkuba angependelea wagombane.

Ukweli ni kwamba hakukusudia kupita. Hakumchukia mama mkwe wake, Bibi Yusta, hata kidogo. Alimheshimu, na heshima ina gharama zake. Mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Anapeleka sukari, sabuni, mafuta, na kitenge, tena kitenge kizuri, na mwezi ule hakukuwa na kuponi ya kitenge. Kwa hiyo alipanga kuingia Igowole saa za mchana, kuchukua mablanketi yake na kutoka kabla mtu wa ukoo hajajua kwamba ameukanyaga udongo wao.

Aliondoka alfajiri. Basi likapita Igawa na Makambako, akashuka Nyololo, akachukua pikipiki kuingia ndani. Huko Mufindi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai kama maziwa yaliyomwagika, na manyunyu yalikuwa yanaingia mpaka kwenye soksi. Nkuba aliufurahia ukungu ule. Alivuta kofia yake ya sufu hadi kwenye nyusi, akajizungushia skafu hadi puani. Katika baridi hiyo watu wote walikuwa wamejifunika hivyo hivyo, na asingeshukiwa na mtu.

Duka la kampuni lilikuwa limejaa. Akina mama wenye mashuka mabegani na wazee wenye makoti ya jeshi walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kifurushi chake cha kijani, na Nkuba alijisikia yuko nyumbani kuliko alivyotarajia. Hatimaye akafika mbele. Nyuma ya kaunta alikuwa binti mmoja, Catherine, jina lake limeandikwa kwenye beji. Alizihesabu kuponi haraka kama mtu anayehesabu noti, kisha akasimama kwenye moja.

"Hii ina doa, siipokei."

Nkuba akashusha skafu ili aeleweke. "Dada yangu, hebu itazame kwenye mwanga. Herufi zinaonekana zote."

"Ina doa, baba."

"Lakini doa lenyewe ni la chai yenu!"

Foleni ikacheka. Nkuba hakucheka, alikuwa kazini. Akageuka kuwashirikisha watu, akaiinua ile kuponi juu kama wakili anayeonyesha kielelezo mahakamani, akaeleza kwamba mtu hawezi kuinywa chai yao kwa uaminifu kiasi hicho halafu aadhibiwe kwa kuinywa. Catherine alimsubiri amalize. Halafu akamweleza kwamba, hata hivyo, nusu bei ni ya blanketi la pili. La kwanza unalipa kamili. Imeandikwa.

"Imeandikwa wapi?"

Akamwonyesha. Ilikuwa imeandikwa chini ya yale maandishi madogo, kwa maandishi mengine yaliyoyafanya yale ya kwanza yaonekane kama bango la barabarani.

Nkuba alishika kichwa. Akaomba angalau waangalie mtu ametoka wapi. "Nimetoka Mbeya kwa ajili ya kuponi hizi, dada! Mbeya! Nauli nimetoa mfukoni!"

"Baba Nyamizi," sauti ikasema nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nyembamba na yenye kukwaruza kidogo, na Nkuba aliijua kabla hajageuka. Magoti yake yaliijua mapema zaidi, maana yalishaanza kukunjika yenyewe. Alichuchumaa hapohapo kati ya maboksi ya majani ya chai, kofia mkononi, kuponi yenye doa ikiwa bado katikati ya vidole viwili, akatazama sakafu kama mkwe anavyopaswa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kamwene," akaongeza salamu ya Kihehe. Bibi Yusta alikuwa amejitanda shuka la miraba, na mkononi alikuwa na mfuko wa sukari. Hakumwuliza amefika lini wala anafanya nini. Aligeukia foleni, na ile sauti nyembamba ikapata nguvu ajabu. "Jamani, huyu ndiye mume wa Apolonia wangu. Ametoka Mbeya na baridi yote hii kuja kunitazama! Na kabla hajafika nyumbani, mwoneni, amepitia dukani kuninunulia blanketi!"

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akamjibu. Mzee mwenye koti la jeshi akampigapiga Nkuba begani, akasema wakwe wa namna hiyo walikwisha zamani, siku hizi wanatuma salamu kwa simu. Nkuba, akiwa bado amechuchumaa, alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo."

Catherine alilainika. "Basi baba, kwa kuwa ni kwa ajili ya mama, hata hii yenye doa nitaipokea."

Lakini Bibi Yusta alikuwa ameshazunguka kaunta. Alilipapasa blanketi la kuponi kwa vidole viwili, akaliacha. Akapapasa la pili, akaliacha. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akavuta blanketi zito la rangi ya kahawia lenye pindo la hariri, akalikumbatia, akafumba macho kidogo.

"Hili, mkwe wangu. Mengine haya ni kama khanga."

"Hilo haliko kwenye kuponi, bibi," Catherine alisema kwa upole.

"Kwani mkwe wangu amekuja kwa kuponi?"

Duka zima likamgeukia kusubiri jibu. Nkuba alitoa pochi. Alilipa bei kamili, bila kuomba kupunguziwa, na noti zilitoka moja moja kana kwamba zimeshonewa mle ndani. Zilizobaki zilikuwa za nauli na soda.

"Na hizo karatasi zako," Bibi Yusta aliongeza wakati wanatoka, "mpe yule mama pale mlangoni. Naona zake hazijatimia."

Nkuba akampa. Mpira wa baiskeli pia.

Nyumbani kwa Bibi Yusta hapakuwa mbali, ni kupanda kilima kidogo kati ya shamba la chai na mipaini. Nkuba alitembea nyuma akiwa na blanketi kichwani, na kila waliyekutana naye njiani alisimamishwa akaelezwa, ili hata mbuzi wajue. Shemeji yake Vitus, kaka wa Apolonia, alikuwa ameshapigiwa simu. Walipofika tayari alikuwa anamfukuza jogoo nyuma ya jiko. Nkuba akakalishwa sebuleni peke yake, kwenye kiti chenye kitambaa, mbele ya picha ya Bikira Maria na picha ya harusi yake mwenyewe, ambamo alikuwa mwembamba na alitabasamu kama mtu ambaye hajawahi kusikia neno asilimia.

Vitus akaja kukaa naye wakati kuku anachemka. Wakaongea mambo ya mbolea, ya bei ya magogo, ya watoto.

"Mama amefurahi," Vitus alisema. "Umefanya jambo la maana, shemeji. Kwa kweli lile blanketi limekuja wakati wake. Kifua kimemsumbua tangu mwezi wa pili. Pale zahanati wamempa dawa mara mbili, kinapoa, kinarudi. Wakatuambia tumpeleke hospitali kubwa akapigwe picha."

"Mwezi wa pili?" Nkuba aliweka soda chini. "Mbona hatukuambiwa?"

Vitus alikuna shingo. Alikuwa mtu asiyependa kumwaibisha mtu. "Ni mama alikataa. Alisema tukimwambia Apolonia atataka kuja, na huko kwenu nauli ni shida. Alisema, mkwe alishaeleza habari ya nauli, tusimpe mzigo."

Halikuwepo neno lolote la ukali mle. Vitus alisema kama anavyosema bei ya magogo. Nkuba alichukua tena ile soda, akaona haiendi, akairudisha. Akakumbuka ile galoni ya dawa ya ng'ombe, na ule mfuko wa chakula cha paka, na bawaba mpya yenye rangi. Alianza kupiga hesabu kichwani, kwa mazoea, ni safari ngapi za Igowole zilizolala kwenye kabati lake la jikoni, akafika mahali akaacha kwa sababu masikio yalikuwa yamepata moto.

Chakula kililetwa. Ugali, jogoo, njegere zenye karanga. Alikula kwa adabu. Baada ya kunawa, Bibi Yusta alikuja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali kidogo kama desturi inavyotaka, lile blanketi la kahawia akiwa amejifunika tayari. Alikohoa, akaliweka sawa mabegani.

"Mama," Nkuba alianza, macho yakiwa kwenye mkeka. "Kuna jambo naomba niseme."

"Sema, mkwe."

"Mimi leo... sikuja kukutazama. Nilikuja kuchukua mablanketi ya kuponi. Ya kwangu. Nilitaka nichukue nirudi. Pale dukani uliposema vile, nilishindwa kukukatalia mbele ya watu."

Vitus alitazama dari. Kisha kwenye kigoda pakatoka sauti ambayo Nkuba aliidhania ni kikohozi, akainuka nusu kutaka kumsaidia. Haikuwa kikohozi. Bibi Yusta alikuwa anacheka.

"Unafikiri mimi sijui?" alisema alipopata pumzi. "Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni tangu mwanzo. Nimekujua kwa mgongo. Nikasema ngoja nimwone. Nikakusikia unambembeleza yule mtoto wa watu, 'doa ni la chai yenu, doa ni la chai yenu.'" Alimwigiza kabisa, hata mkono ulioinuliwa juu. "Nikakusikia na ile ya Mbeya, Mbeya, nauli nimetoa mfukoni. Sasa nifanyeje? Nikuache urudi na mablanketi matatu bila kunisalimia? Nikaona bora niseme mimi umekuja kunitazama, maana wewe ungechelewa kusema."

Vitus alishindwa, akatoka nje, na kicheko chake kikasikika hadi jikoni. Nkuba alikaa akiwa ameinamisha kichwa, aibu ikimpanda kuanzia tumboni, na ilipofika kooni ikageuka, naye akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kufuta macho kwa ile skafu ya kujifichia. Mtu aliyejiona mjanja wa supamaketi zote za Nyanda za Juu alikuwa amepatikana kwenye foleni na bibi mwenye mfuko wa sukari, tena akauziwa kwa bei kamili.

"Na lile jekundu, mama," aliuliza baadaye, "kwa kweli lilikuwa kama khanga?"

"Lilikuwa zuri tu," Bibi Yusta alisema. "Ila hili ni zuri zaidi."

Kabla jua halijazama Nkuba alitoka uani akampigia Gideoni, akamwomba amtumie fedha kutoka kwenye kazi ya geti la kanisa iliyokuwa karibu kwisha. Gideoni aliuliza kama kuponi zimekataliwa. Nkuba akasema ni habari ndefu. Aliporudi ndani alimwambia mama mkwe wake kwamba kesho wanakwenda wote Mbeya, atakaa kwao Soweto, akapigwe picha ya kifua na kutibiwa hadi apone. Bibi Yusta alikataa kwanza. Alisema kuku wake, akasema shamba lake la njegere, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Na nauli, mkwe wangu?"

Nkuba alitaka ardhi impasukie. "Nauli ninayo, mama. Usinitajie tena neno hilo, nakuomba."

Asubuhi Vitus aliwasindikiza hadi Nyololo na gunia la viazi, ndoo ya njegere na kuku wawili hai waliofungwa miguu. Basi likaja, kondakta akataja nauli ya watu wawili na ya mzigo. Mdomo wa Nkuba ulifunguka kwa mazoea ya miaka. Akaufunga. Akalipa alichoambiwa.

Bibi Yusta, aliyekuwa ameshakaa dirishani, alimgeukia kwa mshangao. "Mbona hukumwomba apunguze?"

"Nimeona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Si anajua amezidisha." Akamwita kondakta, akamsemesha Kihehe, polepole, kwanza akimwuliza ni mtoto wa nani, kisha wa kijiji gani, kisha kama bibi yake bado yu hai. Kondakta akajikunakuna, akacheka, akarudisha noti mbili. Nkuba alinyoosha mkono. Bibi Yusta alizifunga kwenye pindo la khanga yake, akatazama nje kwenye mipaini.

Hospitali walikwenda wiki iliyofuata, kifua kikapigwa picha, dawa zikapatikana, na kufikia mwezi wa nane kikohozi kilikuwa kimekwisha, ingawa mgonjwa mwenyewe alikataa kuondoka kabla baridi haijapungua, na karakanani walishaanza kumjua kwa jina. Nkuba naye hakupona ugonjwa wake wa kuponi mara moja. Hadi leo akiona karatasi yenye neno punguzo, miguu yake husita. Lakini huisimulia safari ile mwenyewe, bila kuombwa, akimwigiza Bibi Yusta akimwigiza yeye, na Gideoni huwa wa kwanza kucheka ingawa ameisikia mara nyingi.

Sehemu anayoipenda zaidi ni ya kufika nyumbani. Walishuka jioni, wakapanda kilima cha Soweto, yeye mbele ameinama chini ya gunia la viazi, ndoo mkono huu, kuku mkono huu, bila hata uzi wa blanketi. Apolonia alikuwa barazani anapanga maandazi. Alimwona, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akaanza kufungua mdomo kuuliza.

Ndipo akaona aliyekuwa nyuma.

"Mama!"

Sinia likaanguka. Apolonia alipita mbio, akampiga mumewe kikumbo bila kujua, akamkumbatia mama yake pamoja na blanketi lake, wote wawili wakaanza kulia na kucheka na kuongea Kihehe kwa mpigo. Watoto wakatoka, wakapita nao. Jirani akatoka, akapita naye. Wakaingia ndani wote, mlango ukarudi. Nkuba akabaki amesimama uani na gunia mgongoni, kuku wakimpigia kelele, akisubiri mtu akumbuke kuja kumtua.